Mistari Kumi na Moja

Jumatatu, 7 Machi 2005

Nimepewa meza, kiti chenye gurudumu bovu na mkataba wa miezi minne ulioandikwa "wa majaribio". Ofisi ya Mzee Ildefonce iko ghorofa ya pili hapa Moshi mjini, juu ya duka la mabati. Kampuni yake inapandisha watalii mlimani. Mimi sipandishi mtu. Nimeajiriwa kumsaidia Injinia Kornel kwenye mtambo wa ujumbe.

Kila timu inayopanda sasa inabeba redio ndogo yenye vitufe. Kiongozi anaandika maneno machache: wako wapi, wana hali gani, wanahitaji nini. Maneno yanarushwa hadi kwenye mnara wetu juu ya Marangu, kisha yanashuka kwenye kompyuta yetu hapa. Dada Theodora anayasoma kwenye skrini. Akiona mtu anaumwa, anakiandikia kikosi cha machela, ambacho kitakaa kambi ya Horombo, katikati ya mlima, msimu mzima na mitungi ya oksijeni. Redio za sauti za zamani Mzee amezifungia stoo. Anasema zilikuwa zinakoroma tu.

Injinia Kornel ndiye aliyeandika sehemu ngumu, draiva, yaani programu inayounganisha redio na kompyuta, inayokaa ndani ya kiini cha mfumo, pale ambapo ukikosea hufungi programu moja tu, unaangusha kompyuta nzima. Chuoni Dar tulikuwa tunasoma habari za watu wa namna hii. Sikujua kuna mmoja Moshi.

Jumatano, 9 Machi

Joto. Wingu limekaa juu ya mlima siku nzima, halijashuka.

Jumanne, 15 Machi

Theodora ameniita. "Yuditha, njoo uone. Timu ya tatu ipo kambi ya Mandara au ya Kibo?" Kwenye skrini kulikuwa na ujumbe wenye kichwa cha timu ya tatu na mwili wa timu ya kwanza. Zote mbili ni jumbe za majaribio, hakuna mtu mlimani. Lakini nimeuchapa nikampelekea Injinia.

Ijumaa, 18 Machi

Injinia amelipata kosa kwa siku mbili, kwa karatasi na penseli. Ujumbe ukiingia, kiini kinautengea kipande cha kumbukumbu. Programu mbili zinausoma palepale, hakuna inayopewa nakala yake: moja inauonyesha kwa Theodora, nyingine inauandika kwenye diski. Iliyomaliza kwanza ilikuwa inakiachia kile kipande kana kwamba iko peke yake duniani. Mwenzake akichelewa kidogo tu, anaendelea kusoma mahali ambapo pameshapewa ujumbe mwingine.

"Dawa yake ni kuhesabu," akaniambia. "Kila kipande kibebe hesabu ya wanaokishika. Ukikishika, ongeza moja. Ukimaliza, punguza moja. Atakayefikisha sifuri ndiye atakayekiachia. Ni kama taa ya ukumbini. Anayetoka wa mwisho ndiye anayezima."

Ameandika mbele yangu, taratibu, akinieleza kila mstari. Sijawahi kufundishwa hivyo na mtu yeyote.

Jumatatu, 28 Machi

Pasaka nyumbani Marangu. Mvua imeanza Jumamosi na haijakata. Baba mdogo Eliona amekuja na mkungu wa ndizi begani. Ana miaka ishirini na sita ya mlima na magoti bado mazima. Ni kiongozi wetu wa timu ya sita, na sikumwomba mtu ajira kwa jina lake, ingawa mjini hawaamini.

"Hiki kidude mlichotupa," akasema, "kikishasema 'umepokelewa', maana yake kuna mtu ameniona?"

Nikamwambia ndiyo. Nilisema kwa majivuno.

Jumatatu, 4 Aprili

Mvua.

Jumanne, 12 Aprili

Mvua. Barabara ya Kibosho imekatika, wanasema lori la mchanga limelala kwenye mtaro tangu juzi.

Alhamisi, 21 Aprili

Kompyuta mpya imefika kutoka Dar, ina prosesa mbili. Mzee Ildefonce ameizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Injinia hakufurahi. Mashine ya zamani ilikuwa inafanya jambo moja kwa wakati mmoja hata ikijidai inafanya mengi. Hii inafanya mawili kwelikweli. Kuongeza moja kwa mashine ni hatua tatu: soma, ongeza, andika. Prosesa mbili zikisoma "mbili" kwa pamoja, zote zitaandika "tatu" wakati jibu ni nne.

Lakini ameliona hilo kabla yangu. Leo jioni amebadilisha hesabu iwe ya namna isiyokatika katikati: hatua zote tatu zinafanyika kwa pumzi moja, na prosesa ya pili inasubiri. "Sasa hesabu ni salama," akasema, akaosha kikombe chake na kwenda zake. Nilimwangalia akishuka ngazi na mwavuli wake nikajiambia, nikifika miaka arobaini na tano niwe hivi.

Jumanne, 3 Mei

Ujumbe mmoja umechanganyika tena. Theodora hakuuona. Niliuona mimi, nikilinganisha skrini na diski. Nimemwambia Injinia. Amesema ni uchafu wa redio, mvua hii.

Jumatano, 11 Mei

Mvua imepungua. Redio imetulia. Umechanganyika mwingine.

Alhamisi, 19 Mei

Nimelipata.

Niandike vizuri, kwa sababu kesho nitaambiwa nimeota.

Nimetengeneza programu ya kuutesa mtambo. Inarusha ujumbe wa uongo elfu arobaini kwa saa, na kila ujumbe una namba mwanzoni na namba ileile mwishoni. Namba zikitofautiana, umechanganyika. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana: mara tano. Na mvua haikuwamo, redio haikuwamo, nilikuwa nimechomoa waya.

Hesabu yenyewe haina kosa. Inapanda na kushuka kama Injinia alivyosema. Kosa lipo kabla ya hesabu. Programu ya skrini inatafuta ujumbe kwenye orodha, inaupata, halafu ndipo inaongeza moja. Kati ya kuupata na kuongeza kuna nafasi ndogo mno, lakini kwa prosesa mbili nafasi hiyo inatosha. Ndani yake programu ya diski inamaliza kazi, inapunguza, inafika sifuri, inakiachia kipande. Kipande kinapewa ujumbe mpya. Halafu ya skrini inaongeza moja yake juu ya kitu ambacho si kile ilichokitafuta. Kichwa imeshakisoma. Mwili ni wa mtu mwingine.

Ile taa ya ukumbini: mtu amesimama mlangoni, ameona taa inawaka, mguu bado haujaingia. Wa mwisho ndani hajamwona. Anazima.

Dawa ni kwamba kuutafuta ujumbe na kuongeza hesabu viwe tendo moja chini ya kufuli moja, programu nyingine isiweze kuingia katikati. Na anayefikisha sifuri autoe ujumbe kwenye orodha chini ya kufuli hilohilo, kabla hajauachia. Asiwepo wa kuupata ukiwa umekufa. Nimeandika mistari kumi na moja. Nimeutesa mtambo tena hadi ofisi inafungwa. Sifuri.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Kwa kawaida ujumbe ni mchache, unapita mmoja mmoja. Ila saa moja asubuhi timu zote zinatuma ripoti kwa pamoja. Nafasi ile inafunguka zaidi saa moja asubuhi kuliko saa yoyote nyingine.

Ijumaa, 20 Mei

Nilimwamkia Injinia, nikaweka karatasi zangu mezani kwake. Amezisoma zote. Ni mwepisi kuelewa, hilo sitamnyima. Nimeona hasa wakati alipoelewa, masikio yake yalibadilika rangi.

"Mara tano," akasema.

"Ndiyo, Injinia."

"Katika ujumbe laki mbili. Yaani mara moja kwa elfu arobaini. Sisi kwa msimu mzima tunapokea elfu sita. Hesabu zako mwenyewe zinasema litatokea baada ya misimu karibu saba."

"Hazisemi msimu upi, Injinia. Na saa moja asubuhi—"

"Yuditha." Akavua miwani. "Jumatano watu wa kampuni mbili kutoka Arusha wanakuja kuuangalia mtambo. Mzee ameshawaambia umekamilika. Ukigusa kiini leo, lazima nianze kuupima upya, majuma matatu. Unataka nikamwambie nini? Kwamba nilikosea mara mbili mahali palepale?"

Akavaa miwani tena. "Weka hiyo kazi yako kwenye faili. Ni nzuri. Tutaiingiza baada ya msimu."

Aliposema "ni nzuri" nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 25 Mei

Wageni wa Arusha wamekuja. Biskuti, soda. Mtambo umefanya kazi.

Ijumaa, 27 Mei

Hati ya kukubali mtambo imepita mezani kwangu. Ukurasa mmoja. Mstari wa sita: "Makosa yanayojulikana: hakuna." Chini yake sahihi mbili, ya Injinia na ya msaidizi wake.

Nilikaa nayo hadi saa sita. Theodora akaniuliza kama naumwa. Mkataba wangu unaisha tarehe saba Julai, na Mzee alishasema atakayeendelea atajulikana baada ya hati hii. Nilijiambia ni misimu saba. Nilijiambia Injinia ameishi na mashine tangu kabla mimi sijazaliwa. Nilitia sahihi kwa kalamu yake, maana yangu ilikuwa imekauka.

Alhamisi, 2 Juni

Msimu umeanza. Mlima umejitokeza wote leo, mweupe hadi chini kuliko kawaida. Timu zimepakia mizigo uani. Baba mdogo ameniita nimsalimie mpagazi wake mpya, Leodegar, wa Kibosho, miaka ishirini na mitatu, mabega kama mlango. Ana mke na mtoto wa miezi mitano. Aliniamkia shikamoo nikacheka, umri wetu unakaribiana. "Wewe ndiye unayetuangalia huko kwenye kompyuta?" akauliza. Nikasema tuko wengi.

Jumatatu, 6 Juni

Hakuna jambo.

Jumamosi, 11 Juni

Hakuna jambo. Kila siku saa moja asubuhi nasimama nyuma ya Theodora mpaka ripoti ziishe. Ananiuliza kama simwamini.

Alhamisi, 16 Juni

Injinia ameniambia nisisimame nyuma ya Theodora. Namtia wasiwasi.

Jumanne, 21 Juni

Jana sikuweza kuandika.

Timu ya sita ilipanda kwa njia ya Rombo, wazungu wawili, mpishi, wapagazi watano, Baba mdogo mbele. Jumapili walilala chini ya Mawenzi. Njia ile ina watu wachache, hakukuwa na timu nyingine kambini. Alfajiri ya Jumatatu Leodegar alikuwa anakohoa povu lenye wekundu na midomo yake imegeuka kama majivu. Baba mdogo ameona watu wengi wa hivyo. Maji yameingia kwenye mapafu. Anahitaji oksijeni na kushushwa, na oksijeni ipo Horombo kwa kikosi cha machela. Kanuni ya kampuni inasema kiongozi atume ujumbe na asubiri kikosi, asimbebe mgonjwa ovyo kwenye mawe.

Alituma saa moja na dakika mbili asubuhi. Redio ikamjibu: umepokelewa.

Akasubiri.

Mimi nilikuwa mezani kwangu, hatua nane kutoka kwa Theodora, nimekaa kama nilivyoambiwa. Theodora alisoma kwenye skrini: "Timu 6. Tumelala vizuri, wote wazima, tunaendelea." Akayaandika kwenye daftari lake la kila siku kwa mwandiko wake mzuri wa duara. Maneno hayo yalikuwa ya timu ya tisa.

Saa mbili na nusu Baba mdogo alituma tena. Betri ilikuwa imelala kwa baridi, ujumbe haukutoka. Aliipasha kwapani, ikagoma. Saa tatu. Theluji nyepesi yenye mvua. Aliwaambia wenzake kikosi kitakuwa kimeshafika kwenye mawe ya chini, kwa sababu wameonwa, mashine imesema wameonwa. Saa nne akaacha kuamini. Wakang'oa nguzo za hema, wakafunga blanketi, wakambeba kuelekea Horombo, wanne kwa zamu, na mpishi mbele akikimbia peke yake kwenda kuita. Mpishi alifika Horombo saa saba kasorobo. Kikosi kilikuwa kinacheza karata. Walikimbia na mtungi, wakakutana na Baba mdogo njiani saa nane. Leodegar alikuwa amekufa saa nzima kabla. Walikuwa bado wanambeba kwa mwendo uleule, hakuna aliyekubali kumshusha chini.

Theodora alipoletewa habari alifungua daftari lake, akasoma mara tatu kwa sauti: "Wote wazima. Wote wazima. Wote wazima." Halafu akaniangalia mimi.

Jumatano, 22 Juni

Nimefungua diski. Programu ya diski iliusoma ujumbe kwanza, kwa hiyo upo wenyewe, mzima: "Timu 6. Mawenzi. Mpagazi mgonjwa sana, mapafu. Leteni oksijeni na machela haraka." Saa 1:02. Baada yake, saa 1:02 hiyohiyo, timu ya tisa, wote wazima.

Injinia alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia.

"Umeona," nikasema.

"Nimeona."

"Tuwaambie leo."

Akavuta kiti akakaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemliwaza mwingine. "Tukisema, kampuni inafungwa. Wapagazi mia moja na arobaini hawana kazi. Leodegar hafufuki."

"Hapa ofisini wanasema Baba mdogo alibonyeza vitufe vibaya."

"Eliona ni mtu mzima. Ataelewa."

Nimechapa ukurasa ule wa diski nakala mbili, moja nimeiweka ndani ya Biblia ya mama. Nikaondoka bila kumuaga.

Jumamosi, 25 Juni

Maziko, Kibosho. Barabara bado mbaya, gari la maiti lilisukumwa mara mbili na waombolezaji. Mzee Ildefonce ametoa jeneza na amesema maneno mazuri. Injinia alikuwepo, amevaa suti, alichukua koleo zamu yake ilipofika. Baba mdogo aliambiwa na ukoo asikaribie kaburi. Alisimama kwenye migomba ya jirani hadi mwisho, kofia mkononi, na hakuna aliyempa kiti.

Mjane anaitwa Mektrida. Tulipopanga mstari kumpa pole, alinishika mkono akauliza, "Wewe ni wa ofisini?"

"Ndiyo, dada."

"Nani alisema alikuwa mzima?"

Nyuma yangu watu walikuwa wanasukuma. Nikasema, "Pole sana, dada," nikapita.

Alhamisi, 30 Juni

Kikao. Mzee Ildefonce, mwanasheria wake, Injinia, Theodora, Baba mdogo, mimi. Dirisha lilikuwa wazi na chini walikuwa wanakata mabati, ikabidi kila mtu apaaze sauti.

Daftari la Theodora likasomwa. Baba mdogo akaambiwa aeleze. Alieleza kwa kifupi, neno moja moja. Mwanasheria akamuuliza kama amevaa miwani ya kusomea mlimani. Hajavaa. Hana.

Nikasimama nikatoa karatasi yangu. Nilieleza diski, nikaeleza hesabu, nikaeleza ile nafasi. Niliona macho ya Mzee yanaondoka kwenye neno la tano. Nilipomaliza, akamgeukia Injinia. "Kornel, hili linawezekana?"

Nilikuwa bado namheshimu kidogo. Nilidhani akiulizwa waziwazi atashindwa kusema uongo juu ya kazi yake mwenyewe.

"Mzee," akasema, "skrini na diski vinasoma kumbukumbu ileile moja. Kitu kimoja hakiwezi kuwa maneno mawili. Hesabu ya kulinda hilo niliiweka Machi, msaidizi wangu anajua, alikuwepo. Kwa hiyo moja kati ya karatasi hizi imeandikwa baadaye." Akaigusa yangu kwa kalamu. "Programu ya kuchapa diski aliiandika Yuditha."

Mwanasheria akauliza kama ni kweli kwamba Eliona ni ndugu yangu wa damu. Nikasema ni mdogo wa baba.

Halafu Injinia akafungua faili lake akatoa ile hati ya Mei. Hakuinua sauti. Aliiweka mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa sita, halafu kwenye sahihi yangu. "Kama alilijua kosa, kwa nini alitia sahihi hapa?"

Mabati yalikuwa yanalia chini. Nilisema, "Uliniambia baada ya msimu." Akatikisa kichwa kwa huzuni, na hata mimi ningemwamini yeye.

Kadi ya kampuni ya Baba mdogo imechukuliwa. Jina lake linapelekwa kwa kampuni nyingine "kwa taarifa". Mimi mkataba hautaendelea. Kwenye ngazi nilitaka kusema na Baba mdogo, akasema, "Si hapa, mwanangu," akashuka akishikilia ukuta. Magoti yale.

Jumatatu, 4 Julai

Nimekutana na Theodora sokoni. Amenivuta pembeni, kati ya magunia ya mkaa. Anasema Jumapili, siku moja baada ya maziko, Injinia alishinda ofisini peke yake na mlango umefungwa. Tangu hapo Injinia anajaribu kila asubuhi kwa programu yangu ya kuutesa mtambo. Sifuri. Kampuni zote mbili za Arusha zimeununua.

"Ameingiza mistari yako," akasema. "Nimeiona mezani kwake, karatasi yako yenyewe, imekatwa pale palipokuwa na jina."

"Utasema?"

"Nina watoto watatu, Yuditha." Halafu akaanza kulia, na muuza mkaa akatuomba tusogee.

Nilidhani nitamchukia. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba Theodora amenyamaza kwa ajili ya watoto. Mimi nilitia sahihi kwa ajili ya kiti kibovu.

Alhamisi, 7 Julai

Siku ya mwisho ya mkataba. Sikwenda.

Jumapili, 10 Julai

Nimepanda Marangu. Nilimkuta Baba mdogo kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba, akikata majani ya ng'ombe. "Shikamoo, Baba mdogo." "Marahaba." Hakuacha kukata. Kampuni tatu zimemkataa wiki hii. Moja walimpa chai kwanza.

Nilimweleza yote, tangu taa ya ukumbini hadi karatasi iliyokatwa jina. Nilimlaumu Kornel, nilimlaumu Mzee, nilimlaumu mwanasheria. Alinisikiliza vizuri kuliko kikao kizima. Aliuliza maswali ya maana. Alitaka kujua kama ile "umepokelewa" inatumwa na mtu au na mashine yenyewe. Na mashine yenyewe, nikasema, hata kama hakuna mtu aliyeangalia. Alikaa juu ya mzigo wa majani.

"Niliwazuia," akasema. "Wenzake walitaka tumbebe saa moja ileile. Mimi nikasema tusubiri, wametuona."

Nikakusanya majani yaliyokuwa yameanguka.

"Ulijua lini?"

Nilijua atauliza. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu misimu saba. "Tarehe kumi na tisa Mei."

Alihesabu kimoyomoyo, niliona midomo. "Leodegar nilimchukua tarehe mbili Juni. Nilimfuata kwao mwenyewe. Alikuwa amepata kibarua cha kupaka rangi kanisani." Akafuta panga kwenye suruali. "Ungeniambia mimi tu. Si Mzee, si ofisi. Hapa hapa, kwa mdomo. Kwamba Baba mdogo, usikiamini kile kidude. Ningembeba saa moja."

Nilianza kulia. Hakunigusa na hakunifukuza.

"Usinililie mimi," akasema. "Mimi nimepoteza kazi. Nenda Kibosho."

Jumanne, 12 Julai

Baridi. Sijaenda.

Alhamisi, 14 Julai

Sijaenda.

Jumamosi, 16 Julai

Nimekwenda. Nilitembea kutoka barabara kuu na karatasi zangu zote ndani ya bahasha: ukurasa wa diski, mchoro wa prosesa mbili, mistari kumi na moja niliyoiandika upya kwa mkono. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Kwanza kumbukumbu, halafu hesabu, halafu kufuli.

Mektrida alikuwa anaanika nguo za mtoto. Alinitambua. Alinipa kigoda. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, naye akanyoosha mkono kunisimamisha. "Subiri. Baba mkwe asikie. Yeye ndiye anayeuliza kila siku."

Mzee huyo, baba yake Leodegar, akatolewa ndani, akakalishwa kwenye jua. Ana macho meupe, na Kiswahili chake ni cha salamu tu. Mektrida akasema, "Sema kwa Kichagga. Kiswahili cha ofisini haelewi."

Kichagga changu ni cha Marangu, chao ni cha Kibosho, lakini tunasikilizana. Nilifungua bahasha nikatafuta pa kuanzia. Kichagga hakina neno la kiini cha mfumo. Hakina prosesa, na sikupata namna ya kusema kufuli ambalo lisingekuwa kufuli la mlango. Nilijaribu kusema hesabu, mzee akadhani nazungumzia fedha, akakunja uso. Nikajaribu kusema "Injinia aliniambia". Akauliza, Injinia ni mtu wa ukoo gani? Nikajaribu kusema "mara moja kwa elfu arobaini". Mektrida alikuwa ananiangalia bila kupepesa, mtoto mgongoni.

Nikarudisha karatasi kwenye bahasha. Nilichobaki nacho kilikuwa kifupi.

Nikasema, nikimwita kwa jina la heshima la wazee wetu, "Meku, kile chombo kilikuwa kibovu. Nilijua kabla hajaenda. Nikanyamaza."

Mzee akainamisha kichwa upande mmoja, akaweka mkono nyuma ya sikio. Akasema hajasikia mwisho, masikio yake ni mazito. Nirudie, kwa nguvu.

Nikasimama, nikarudia kwa nguvu, na waliokuwa wanapalilia shamba la jirani wakaacha majembe.